Waya wa Geofrey

Kondakta alinionyesha mlango kwa kidole, kwa hakika ya mtu anayejua kwamba abiria wake amepotea. Basi lilikuwa limeshayapita maghala ya nguo, likapita mashamba ya mboga yaliyobanwa katikati ya viwanda, na sasa lilikuwa limesimama mbele ya ukuta mrefu usio na maandishi. Nikashuka nimekumbatia mfuko. Hewa ilikuwa nzito, ile hewa ya Guangzhou ya mwezi wa sita inayomfanya mtu ajione amevaa shati la mtu mwingine.

Mfuko ulikuwa wa Clementina, mfanyabiashara wa Moshi ambaye kila msimu huja kununua nguo kwenye majengo ya jumla ya Guangyuan Xilu. Tulifahamiana pale kwenye ngazi, nilipomsaidia kubishana kwa Kichina na mchukuzi aliyekuwa ameangusha robota lake kwenye dimbwi. Tangu hapo akaniita kaka, akaanza kunituma.

"Kaka, wewe huna robota la kufunga," aliniambia asubuhi ile. "Nipelekee suruali na koti hili kwa Elinami. Anaondoka Jumamosi, na hawezi kufika kwa mama yake amevaa ovaroli."

"Mbona humpelekei mwenyewe?"

"Pale siingii. Niliingia mara moja, ikatosha. Mei you."

Mei you maana yake hakuna, na wauzaji wa mji ule hulitumia neno hilo kumaliza mjadala wa bei. Clementina alilitumia vilevile, akageukia marobota yake.

Nilikuwa nimeshapata habari yenyewe, kwa vipande, kwenye meza za chakula za Watanzania. Ndugu wawili wa Machame, Elinami na mdogo wake Geofrey, mafundi wa magari waliokuja kununua vipuri vya kuuza nyumbani. Mwenye kiwanda cha zipu, Bwana Feng, aliwaomba wamfufulie gari la Kimarekani la miaka ya sitini alilolipitishia Hong Kong. Gari lile lilimuua Geofrey. Elinami ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Jeneza lilirudi Machame na Clementina, Elinami akabaki, na tangu mazishi alikuwa hajaondoka kwenye gari lile.

Geti lilikuwa wazi. Ndani ya banda la mabati lilikaa gari jekundu la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, na pembeni ya bampa ya mbele kulikuwa na kikombe cha mchele kilichochomekwa vijiti vya ubani. Nikapiga hatua kulielekea.

"Usisimame hapo mbele," sauti ilisema kutoka chini ya gari, kwa Kiswahili. "Pita ubavuni, kaka. Samahani. Pita ubavuni."

Nikapita ubavuni. Akatoka mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi zilizoanza mapema, akafuta mikono kabla ya kunisalimia.

"Umejuaje kwamba nitakuelewa?"

"Clementina amepiga simu. Halafu Mchina halipiti geti lile siku hizi. Ukisikia hatua, ujue ni mgeni."

Aliuchukua mfuko bila kuufungua, akauning'iniza kwenye msumari. Kisha akanitazama miguu.

"Unajua kuendesha?"

"Najua."

"Basi Mungu amekuleta. Nahitaji mtu wa kukaa pale." Aliuonyesha mlango wa dereva. "Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja analala chini, mmoja anakanyaga. Vijana wa Feng hawakubali kukaa kwenye kile kiti. Na mimi siwezi kuwa chini na juu."

Kazi yenyewe alinieleza akiwa amechuchumaa, akinionyesha vyuma kimoja kimoja. Magari ya siku hizi husukuma klachi kwa mafuta. Hili lilisukuma kwa chuma. Ukikanyaga pedali, fimbo ya kwanza inasukuma bomba fupi lililolala kati ya injini na chesisi. Bomba linajizungusha kidogo, na mkono wake wa chini unasukuma fimbo ya pili, nayo inasukuma uma wa klachi. Hapo injini na magurudumu vinaachana. Ncha ya kila fimbo imepindwa ikaingia kwenye tundu, na kinachoizuia isichomoke ni kibanio chembamba, kama vile vya nywele.

"Kibanio cha fimbo ya pili hakikuja," alisema. "Tuliagiza vyuma vyote, wakasahau kitu kidogo kama hicho. Geofrey akafunga waya. Wewe umetoka nyumbani, unajua. Nani kwetu hajafunga waya?"

Siku ile walitaka kulitoa gari nje, lioshwe. Hendibreki ilikuwa haijafungwa bado, kwa hiyo walikuwa wameliacha kwenye gia ya kwanza, na Geofrey akaweka jiwe mbele ya gurudumu, kama ilivyo desturi ya kila gereji ya Moshi. Kwao Moshi, mahali penye miteremko na magari yanayozima ovyo, jiwe hutolewa mwisho, injini ikiwa imeshawaka. Anayelitoa hugonga boneti mara mbili, ko ko, na hapo dereva anajua kwamba njia ni nyeupe.

"Tazama sakafu hii," Elinami alisema. "Imenyooka kama maji kwenye beseni. Jiwe la nini hapa? Lakini mkono umeshazoea. Mimi nikakanyaga klachi, nikapiga stata, ikawaka. Yeye akainama kulitoa jiwe. Akaniambia, 'Shikilia vizuri, wewe mguu wa bata.' Nikacheka. Ndipo likaruka."

"Hakugonga?"

"Hakuwahi."

Alisema vile kisha akalala kifudifudi kuokota nati iliyobingirikia chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko nati inavyohitaji.

Kitu kilichomshikilia Guangzhou hakikuwa ugumu wa kazi. Polisi walishaandika kwamba ni ajali, na Feng hakumdai neno. Kilichomshikilia ni swali la mama yake. Mama alimuuliza kwenye simu, siku ya tatu baada ya maziko, kwa sauti ya mtu anayeuliza mgeni atakunywa chai au maziwa: "Elinami, utakuja na isale, au utakuja hivihivi?"

Isale ni jani refu la kijani linaloota kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya Wachaga. Mtu aliyemkosea mwenzake hulifunga fundo, akaenda nalo, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Akilipokea, amesamehe. Kama ni mguu wa Elinami ulioteleza pedalini, basi alipaswa kuingia kwenye ua wa nduguye na isale mkononi, amkabidhi mjane, Benedicta, mbele ya watoto. Kama ni waya uliokatika, basi yeye ni mfiwa kama wafiwa wengine, na ataingia na kulia na kukaa.

"Si uende nalo tu?" nilimuuliza. "Likizidi halitamdhuru mtu."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini.

"Nikienda na isale bila kosa, nimemlazimisha Benedicta asamehe kitu ambacho hakipo. Watoto watakua wakijua baba yao aliuawa na mimi. Nikienda bila isale na kosa ni langu, nitakula kwenye nyumba ile kama mwizi. Halafu kuna jambo jingine." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Ule waya aliufunga yeye. Nikisema ni waya, nimesema Geofrey alijiua kwa kazi mbovu. Marehemu hawezi kunijibu."

"Na wewe hukumbuki?"

"Nakumbuka kucheka. Nakumbuka ukuta. Katikati hapana. Nilikuwa na ndala, kaka, na mvua ilikuwa imenyesha. Mguu unaweza kuteleza usijue, na chuma kinaweza kuchomoka ukadhani ni mguu. Kwa lolote kati ya hayo mawili, utahisi kitu kilekile."

Vyuma vya siku ile havikumsaidia. Vijana wa Feng walilivuta gari kutoka ukutani kwa winchi, bomba likapindika, fimbo zikavunjika, na waya ulikutwa vipande vipande. Haikujulikana ulikatika kabla au wakati wa kuvutwa. Kwa hiyo Elinami aliamua kuijenga upya njia yote ya klachi, ilivyokuwa, na kuufunga waya kama ulivyofungwa, kisha kuona. Hilo ndilo alilokuwa akilifanya miezi yote ile. Aliagiza bomba, akachonga bushi, akakunja fimbo mwenyewe kwenye moto.

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Nilikaa kwenye kiti ambacho wengine walikikataa, na sauti ikawa inanijia kutoka chini ya miguu yangu.

"Kanyaga."

Nakanyaga.

"Achia. Polepole. Si hivyo, kama unakanyaga nge. Polepole."

"Umesema achia, nimeachia."

"Nimesema achia, sikusema kimbia."

Alikuwa akitafuta uhuru wa pedali, ule mchezo mdogo wa juu kabla chuma hakijaanza kusukuma chuma. Bila uhuru huo, klachi huungua. Ukizidi, gia hulia. Alikaza nati robo, akaniambia nikanyage, akalegeza, akaniambia niachie. Kuna wakati aliita, "Kanyaga, Geof," kisha, "Samahani." Nikakanyaga tu.

Pedali ile ilikuwa na tabia yake. Kabla fimbo hazijaunganishwa, nilikuwa nikiiacha juu, nikienda kunywa maji narudi naikuta imelala sakafuni. Elinami alisema ni uzito wake, haina kitu cha kuishika. Siku iliyofuata, fimbo na springi zikiwa zimefungwa tayari, niliikuta tena imelala. Nikaivuta juu kwa mkono, ikapanda kwa shida, kana kwamba kuna kisigino juu yake. Sikumwambia. Naye alikuwa amesimama mlangoni akinitazama nikiivuta.

Na mgongo wa boneti uligonga. Niliusikia mchana wa siku ya pili, tukiwa tunakula mkate: ko, halafu ko. Jua lilikuwa limewaka kwenye mabati, na bati la gari likipata moto hulia, mtu yeyote anajua hilo. Elinami aliacha kutafuna. Alisubiri, kama mtu anayesubiri kumalizia sentensi ya mwenzake, kisha akaendelea kula.

"Hufanya hivyo mara nyingi?" nikauliza.

"Kila siku. Amechelewa, na sasa hajui kuacha."

Feng alikuja saa za alasiri, mtu mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi, akasimama kwenye kizingiti cha geti bila kuvuka. Alifurahi kupata mtu wa kumtafsiria.

"Muulize," aliniambia kwa Kichina, "ndugu yake alikuwa anapenda kula nini? Mimi namletea machungwa na mchele, lakini gari bado linagonga. Labda kwao hawali machungwa."

Nikamtafsiria Elinami. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafuta pua kwa kiwiko.

"Mwambie bosi, huyu laoban, mimi ni Mlutheri. Mambo haya siyaamini." Akageukia kazi yake, akakaza nati, kisha akasema bila kunitazama, "Lakini mwambie Geofrey alikuwa anapenda zile tambi za kukaanga za pale kona. Asiweke pilipili."

Feng aliondoka mbio akarudi na tambi zinazofuka moshi kwenye bakuli la karatasi. Mimi ndiye niliyeziweka, kwa sababu yeye hakuvuka kizingiti. Niliziweka ubavuni, siyo mbele.

Jumamosi nilifika mapema. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha. Elinami alikuwa ameshavaa suruali ya Clementina, na juu yake bado ovaroli, na begi lake lilikuwa kwenye geti. Alikuwa amelinyanyua gari kwa nyuma, magurudumu yananing'inia hewani juu ya vigingi vya chuma, na yale ya mbele ameyabana kwa mbao pande zote mbili. Boneti ilikuwa wazi. Klachi ilikuwa imekamilika. Mahali pa kibanio cha fimbo ya pili palikuwa na waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, umezungushwa na kusokotwa.

"Wewe ndiye uliyeufunga," nikasema. "Si yeye. Hata ukikatika, hata usipokatika, utajuaje?"

"Yeye alikuwa anazungusha mara tatu, anasokota kwa koleo, anakunja ncha ndani isichome mtu. Mimi nimezungusha mara moja, kwa vidole. Nimeufunga vibaya makusudi." Akainama karibu na dirisha langu. "Wa kwangu ukishika, wa kwake ulishika. Ukikatika, basi sijui, na nitaenda hivihivi na sijui yangu."

Tukaanza. Kanyaga, tia gia ya kwanza, piga stata. Injini iliwaka kwa mngurumo uliotikisa mabati na kunipanda hadi kwenye meno. Kama fimbo ingechomoka, magurudumu ya nyuma yangezunguka hewani. Hayakuzunguka. Zima. Tena. Nilikanyaga, nikawasha, nikashikilia, nikazima, mpaka moshi ukajaa banda. Yeye alikuwa ameinama juu ya fenda, uso karibu na chuma, akiutazama ule waya kama mtu anayemwangalia mgonjwa anavyopumua.

"Tia mafuta," alisema. "Mengi."

Gari likayumba kwenye vigingi. Injini ilijipinda upande kwa nguvu zake, bomba likatikisika, na mimi nikaona kwenye kioo magurudumu yametulia, meusi, hayana habari.

"Iache sasa kwenye gia. Shikilia hapohapo. Usiachie."

Nikashikilia. Aliingiza mkono kule ndani, akaishika fimbo yenyewe kwa vidole, akaivuta. Nilimwona akiivuta kwa nguvu, mishipa imemtoka shingoni, kama anayeiomba. Kisha akauondoa mkono.

"Imekaa," alisema.

"Elinami, huo si ushahidi. Siku ile na leo si sawa. Joto, vumbi, chuma kingine..."

"Kaka." Alisema taratibu, na injini ikafunika nusu ya neno. "Alikuwa amefunga vizuri."

Na usoni mwake, sijui niseme nini, palikuwa na kitu kinachokaribia fahari. Aliosha mikono kwenye ndoo, akaivua ovaroli, akavaa koti. Alitoa simu, akabonyeza namba ndefu, akaziba sikio moja. Alizungumza Kichaga, nami sikijui, lakini neno moja nililijua, isale, na alilisema mara moja tu, wazi. Kisha mama alisema kitu kifupi, naye akaitikia, "Ndiyo, mama," kwa Kiswahili, kama mtoto anayetumwa.

Akaja dirishani. Mimi bado nilikuwa nimekanyaga.

"Nizime?"

"Hapana. Siku ile ilizima yenyewe, ilipogonga ukuta. Ndipo nikasikia." Hakusema alisikia nini. "Nifanyie hisani. Kaa nayo iungurume mpaka nifike barabarani. Sitaki kuisikia tena ikizima."

Tulipeana mikono kupitia dirishani. Mkono wake ulinuka sabuni na petroli. Mwenye pikipiki alikuwa ameshafika getini. Feng, ambaye alikuwa amesimama huko nje muda wote, alimpa Elinami mfuko wa zipu, za rangi zote, za kumpelekea mama. Elinami aliupokea kwa mikono miwili, akapanda, akaliweka begi kati yake na dereva. Hakugeuka.

Ningeweza kuitoa gia, mguu wangu ukapumzika. Sikuitoa. Klachi ile ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Springi zilisukuma juu bila kuchoka, na mimi nilisukuma chini. Sauti ya pikipiki ilififia, ikapotea kabisa, na bado nilijiambia huenda hajafika barabarani. Nililishika goti kwa mikono yote miwili na kulikandamiza, jasho likinidondoka mkononi, na Feng kutoka kizingitini akaniuliza kwa sauti kama yule anayegonga ameshaondoka kweli. Nikamwambia ndiyo, ameondoka. Akasema, "Basi zima." Nikasema, "Ngoja kidogo."